Umbo jipya la wimbi kwa mitandao ya 6G: je, litamsaidia mvuvi wa dagaa aliye kilomita 17 kutoka mnarani?

MwanaNansio aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa mawasiliano hapa Mwanza, mzaliwa wa Ukerewe, na kwa sasa ninaandaa andiko la mradi wa kuhitimu. Mada niliyoichagua ni maumbo mapya ya wimbi, yaani namna data inavyopangwa juu ya wimbi, yanayopendekezwa kwa mitandao ya kizazi cha sita, na ninaposema wimbi namaanisha la redio, maana kwetu neno hilo likitajwa peke yake watu hugeuka kwanza kutazama ziwa.

Msingi wa 4G na 5G, kama wengi wenu mnavyofahamu, ni OFDM, ambayo hugawa data katika mamia ya vibebeo vidogo vya masafa vinavyosafiri bega kwa bega bila kuingiliana. Wazo hilo si geni: Robert Chang wa maabara za Bell alilichapisha mwaka 1966, na mwaka 1971 Weinstein na Ebert wakaonyesha kwamba vibebeo vyote vinaweza kuundwa kwa hesabu ya Fourier, ile inayochambua wimbi katika masafa yake, badala ya rundo la mitambo. Udhaifu wake unaotajwa mara nyingi ni kwamba mwendo wa kasi huvuruga utengano wa vibebeo. Ndiyo sababu nilivutiwa na OTFS, iliyowasilishwa na Ronny Hadani na wenzake mwaka 2017, ambayo hupanga data kwenye jedwali la ucheleweshaji na Doppler, yaani kwa kufuata mwangwi umechelewa kiasi gani na umesogezwa masafa kiasi gani na mwendo. Ipo pia AFDM, ambayo badala ya vibebeo vya masafa yaliyotulia hutumia milio inayopanda masafa hatua kwa hatua.

Kilichonisukuma kuandika hapa ni safari ya usiku mmoja. Baba yangu mdogo anavua dagaa kwa karabai, na katika siku za giza za mwezi uliopita alinichukua kwenye mtumbwi hadi maji ya wazi magharibi mwa Ukerewe. Kwa kipimo cha simu yangu tulikuwa kilomita 17 hivi kutoka kwenye mnara wa kijijini. Simu yangu janja ilionyesha vijiti viwili vya mtandao wa 4G, lakini ujumbe niliouandika ulizunguka weee bila kuondoka. Baba mdogo alitoa kitochi chake kwenye mfuko wa nailoni, akakifuta kwa shati, akampigia mnunuzi aliyekuwa mwaloni na kumweleza ni ndoo ngapi amepata. Walielewana vizuri kabisa. Nilipomuuliza siri ni nini alinijibu, "Hii ya tochi ina pumzi, hiyo yako ina kioo."

Sasa maswali yangu. Je, mazingira kama haya ya maji mapana, mtumbwi unaoyumba na mnara ulio mbali ndiyo hasa OTFS ilibuniwa kuyashughulikia? Na kama ndivyo, naweza kutetea mbele ya msimamizi wangu hoja kwamba umbo jipya la wimbi lingefikisha ujumbe wangu ufukweni usiku ule?

Fundi wa Mnara alijibu:

Mdogo wangu MwanaNansio, karibu sana. Nimepanda minara ya Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia ofisini kurekebisha mipangilio ya mtandao, na nakuomba, kabla hujaendelea na OTFS, ukae kwanza na kauli ya baba yako mdogo, kwa sababu amesema jambo la kihandisi.

Kitochi hutumia GSM, yaani mtandao wa 2G, na umbo la wimbi la GSM linaitwa GMSK. Sifa yake kubwa ni kwamba ukubwa wa wimbi haupandi wala haushuki. Kinachobeba data ni kugeuka kwa awamu tu, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka. Amplifaya, yaani kikuza nguvu, ya simu inayorusha wimbi la namna hiyo inaweza kusukumwa hadi mwisho wa uwezo wake bila kuharibu chochote, kwani hakuna kilele kitakachokatwa. OFDM si hivyo. Fikiria watu wanaovuta wavu bila kuimba pamoja: kila mmoja anavuta kwa mapigo yake, na kwa wastani kamba haielemewi, lakini mara moja moja inatokea wote wakavuta kwa wakati mmoja, na kamba isiyotayarishwa kwa sekunde hiyo inakatika. Vibebeo vya OFDM hufanya vivyo hivyo. Kwa sababu ya sekunde hiyo moja, amplifaya lazima iendeshwe chini ya uwezo wake muda wote, na chaji inayopotea hapo inageuka joto mkononi mwako.

Wabunifu wa 4G walilijua hilo. Mnara unarusha OFDM kwa sababu una umeme na amplifaya ya gharama, lakini simu hurusha umbo jingine, SC-FDMA, ambalo data yake hupitishwa kwanza kwenye hesabu ya Fourier ili vilele vipungue. Kwenye 5G simu inaruhusiwa yote mawili, na mtandao huchagua. Kwa hiyo ubunifu wa umbo la wimbi unaousoma kama jambo la kesho, simu yako tayari inaufanya. Ongeza kwamba kitochi cha GSM kwenye Megahezi 900 kinaruhusiwa kurusha wati 2, wakati simu ya kawaida ya 4G inaishia kwenye wati 0.2, mara kumi pungufu. Hiyo ndiyo pumzi.

Lakini kuna jambo la pili, na mimi ningeweka pesa yangu hapo. Umesema ulikuwa na vijiti viwili na ujumbe haukuondoka. Vijiti vinaeleza simu inavyousikia mnara. Havisemi neno kuhusu mnara unavyoisikia simu. Simu inayotaka kuingia kwenye mtandao hupiga hodi kwanza, nayo hodi hiyo ni wimbi maalumu lenye umbo lake, mfuatano wa Zadoff–Chu wenye namba 839 unaodumu sehemu 0.8 ya milisekunde. Mnara hauijui simu iko umbali gani, hivyo huacha nafasi ya muda baada ya hodi ili iliyochelewa njiani isiangukie kwenye mazungumzo ya wengine. Katika muundo wa kawaida wa 4G, ule unaoitwa namba 0, nafasi hiyo ni sehemu 0.097 hivi ya milisekunde. Ukizidisha kwa kasi ya mwanga na kugawa kwa mbili, kwa kuwa kuna kwenda na kurudi, unapata kilomita 14.5. Wewe ulikuwa kilomita 17. Muundo namba 1 huruhusu hadi kilomita 77, ila hodi moja inachukua milisekunde mbili badala ya moja, na ndiyo sababu mtu anayepanga mtandao akiwa na ramani ya mji mezani hauchagui. GSM kwa upande wake hupima umbali kwa hatua 63 za mita 550 hivi, yaani kilomita 35, bila mtu yeyote kugusa mipangilio.

Niliwahi kuhudumia mnara wa kisiwa kimoja uliokuwa na malalamiko hayo hayo ya wavuvi. Kampuni ilileta antena mpya na kuongeza nguvu ya mnara. Vijiti viliongezeka kweli, na wavuvi wakazidi kukasirika, kwa sababu sasa simu ilijaa mtandao na bado haikufanya kazi. Tulikuja kubadili muundo wa hodi jioni moja kwa dakika chache, kwenye kompyuta, bila mtu kupanda mnara.

Mwalimu wa Masafa alijibu:

Ninafundisha mawasiliano ya redio, na nimefurahi kuona swali la namna hii likitoka Ukerewe. Nakubaliana na Fundi kuhusu hodi, na kuhusu vilele vya OFDM. Kwenye wati 2 dhidi ya wati 0.2 naomba nimrekebishe kidogo, naye ataniwia radhi. Simu ya GSM hurusha katika nafasi moja tu kati ya nane, hivyo wati 2 zake, kwa wastani wa muda, ni wati 0.25. Tofauti ya kweli na simu ya 4G si mara kumi. Kinachobaki ni kwamba sauti inahitaji data kidogo sana, na kwamba wimbi lake halina vilele. Hata simu yako janja, MwanaNansio, ungeiamuru ibaki kwenye 2G usiku ule, ingepata pumzi ile ile ya kitochi.

Sasa nije kwenye OTFS, kwa sababu hapo ndipo mradi wako unaweza kupotea njia. Nguvu ya OTFS inatokana na kuwepo kwa njia nyingi za wimbi ambazo zinaweza kutofautishwa, ama kwa kuchelewa kwake, ama kwa Doppler yake. Kila njia inayotofautika ni nafasi nyingine ya data kufika salama. Tujiulize basi: juu ya ziwa kuna njia ngapi?

Zipo mbili zenye uzito. Ya kwanza hutoka mnarani moja kwa moja hadi kwenye simu, na ya pili hugonga uso wa maji na kuakisiwa. Chukua antena iliyo mita 60 juu ya usawa wa ziwa, simu iliyoshikwa mkononi mita 1.5 juu ya maji, na umbali wa kilomita 17. Tofauti ya urefu wa njia hizi mbili ni mara mbili ya zao la vimo, ukigawa kwa umbali: 2 × 60 × 1.5 ÷ 17,000, ambayo ni sentimita moja na kidogo. Kwenye Megahezi 900 urefu wa wimbi ni sentimita 33. Maji yanapoakisi wimbi linalokuja kwa pembe ndogo kama hii huligeuza kinyume, kwa hiyo njia hizi mbili hufika zikiwa karibu sawa kwa muda na kinyume kwa awamu, na huuana. Kwa vipimo hivyo unapoteza desibeli 14 hivi ukilinganisha na hewa tupu isiyo na maji chini yake, yaani kinachobaki ni kama sehemu moja ya ishirini na tano. Nimepuuza mviringo wa dunia, ambao kwa umbali huu unazidisha ubaya kidogo.

Je, OTFS inaweza kuzitenganisha njia hizo? Uwezo wa kutenganisha kwa kuchelewa unategemea upana wa masafa. Ukiwa na Megahezi 20 unatenganisha njia zinazopishana kwa mita 15 au zaidi, na hapa zinapishana kwa sentimita moja. Kwa Doppler nako hakuna msaada, kwa kuwa njia zote mbili zinatoka upande ule ule na mtumbwi unazikabili kwa kasi ile ile. Mbele ya OTFS, mbele ya AFDM, na mbele ya OFDM, ziwa lako linaonekana kama njia moja dhaifu. Hakuna jedwali, hata liwe zuri namna gani, litakaloigawa njia moja kuwa mbili.

Kuhusu mwendo, tuhesabu bila kubahatisha. Kivuko kinachokwenda kilomita 18 kwa saa ni mita 5 kwa sekunde, na kwenye Megahezi 900 Doppler yake ni hezi 15. Vibebeo vya 4G vimepishana kwa kilohezi 15. Ni sehemu moja ya elfu, na kuyumba kwa mtumbwi hakuongezi zaidi ya hezi chache. OFDM haina habari na mwendo huo. Hata treni ya SGR ikifika huku Mwanza kwa kasi yake ya kilomita 160 kwa saa, kwenye Gigahezi 3.5 Doppler ni hezi 520 hivi dhidi ya nafasi ya kilohezi 30, chini ya asilimia mbili. Ni setilaiti za chini tu, zinazokwenda kilomita 7.5 hivi kwa sekunde, ambazo Doppler yake kwenye Gigahezi 2 hufikia makumi ya kilohezi na kupita nafasi yote ya kibebeo. Nazo njia yake angani inajulikana mapema, kwa hiyo toleo la 17 la 3GPP, muungano unaoandika viwango vya mitandao ya simu, huitaka simu ijue mahali ilipo na kurekebisha masafa yake yenyewe kabla ya kurusha, na inaendelea kutumia OFDM ile ile.

Kitu kimoja kwenye mada yako kina faida ya moja kwa moja kwa mvuvi, nacho ni kile alichokigusa Fundi: vilele. India walikwenda ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wakitaka kizazi cha tano kipimwe pia kwa hali ya vijijini, minara ikiwa kilomita 6 kutoka mmoja hadi mwingine na watu wakiwa hawaendi kasi, na pendekezo lao la 5Gi lilibeba umbo la wimbi la simu lenye vilele vidogo sana, linaloitwa π/2-BPSK, lililochongwa masafa yake ili amplifaya ya bei nafuu isukumwe karibu na mwisho wake. ITU ililikubali ndani ya IMT-2020, jina lake la viwango vya 5G, mwaka 2021, kisha likaunganishwa na 3GPP. Mimi nasema huo ndio ubunifu wa umbo la wimbi unaofanana na maisha yetu kuliko kurasa mia za treni za kilomita 500 kwa saa.

Lakini upime faida kwa macho makavu. Juu ya maji, kwa umbali huu, nguvu hushuka kwa kipeo cha nne cha umbali. Ukiokoa desibeli 3 kwa kupunguza vilele, umefika mara 1.19 mbali zaidi: kutoka kilomita 17 hadi kama 20. Baba yako mdogo akiifunga antena ndogo kwenye mti wenye kimo cha mita 4.5 juu ya maji badala ya kushika simu mkononi, anapata desibeli 9 na zaidi bila kubadili umbo la wimbi la mtu yeyote. Na kuna jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka: katika hali hii ya njia mbili, masafa ya chini hayana ile faida tuliyoizoea nchi kavu, kwa sababu wimbi fupi hupoteza zaidi hewani lakini huuliwa kidogo zaidi na mwakisiko wa maji, na hasara moja hufuta nyingine. Faida ya masafa ya chini hurudi pale upeo wa macho unapokaribia, wimbi linapolazimika kuinama kufuata dunia.

Mtoto wa Kirumba aliandika:

Wakuu, nimesoma yote. Mimi si mhandisi, nina mitumbwi miwili na injini zake, na nimezoea kusikia kila kizazi cha simu kikiletwa kwa ngoma. Kama nimeelewa vizuri, Mwalimu anasema hayo maumbo mapya hayatuhusu. Mbona basi dunia nzima inahangaika nayo? Na kuna mahali nilisoma kwamba 6G itaweza kuona vitu kama rada. Usiku wa upepo mtumbwi ukipotea, sisi hutoka na tochi na kubahatisha. Kama mnara unaweza kuuona mtumbwi, hilo kwangu ni kubwa kuliko kasi ya intaneti.

Mwalimu wa Masafa alijibu:

Ndugu yangu wa Kirumba, hapo umegusa sehemu ambayo maumbo mapya yana hoja nzito zaidi. Katika mfumo wa IMT-2030, jina la ITU la 6G, ambao iliupitisha Novemba 2023, kuhisi na kuwasiliana kwa pamoja ni mojawapo ya matumizi sita yaliyotajwa. Mnara unarusha wimbi la data, na ule mwangwi unaorudi unasomwa kama rada. OTFS na AFDM zinapendwa hapo kwa sababu lugha yake ni ile ile ya rada: kitu kiko umbali gani, na kinakwenda kasi gani. Milio inayopanda masafa rada huitumia tangu zamani. Hata hivyo OFDM nayo huhisi. Ukiwa na upana wa Megahezi 100 unatofautisha vitu vilivyopishana kwa mita 1.5, liwe umbo gani. Ugumu wa ziwani uko kwenye mtumbwi wenyewe. Mbao zilizolowa hurudisha mwangwi mdogo, mawimbi ya maji yanayouzunguka yanarudisha mwangwi wao, na kasi zake hazipishani sana na kasi ya mtumbwi uliozimika injini. Kipande cha bati chenye pembe tatu zilizokutana, kilichofungwa juu ya mlingoti, kinasaidia rada ya aina yoyote, ya leo na ya kesho. Vyombo vya baharini vimekitumia kwa miongo mingi.

Kuhusu dunia kuhangaika: utafiti ni kazi ya kutafuta, na hata kabla ya 5G yalikuwepo maumbo ya FBMC, UFMC na GFDM yaliyotetewa kwa nguvu zote, kisha mwaka 2016 3GPP ikabaki na OFDM, kwa kuwa inakaa vizuri na antena nyingi na hesabu zake ni nyepesi. Katika mkutano wa 3GPP wa Machi 2025 huko Incheon, Korea Kusini, ulioanzisha mazungumzo ya 6G, wengi walielekea huko huko. MwanaNansio asiache kuisoma OTFS. Asiwaambie tu watahini kwamba ingemtoa kwenye taabu ya usiku ule.

MwanaNansio alijibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Fundi, na kaka wa Kirumba nakushukuru. Nimekaa na msimamizi wangu tukabadili kichwa cha mradi: sasa nitapima kwanza njia ya wimbi juu ya maji, kisha nilinganishe maumbo matatu kwa vipimo hivyo badala ya mifano ya miji ya kigeni. Nina swali moja tu lililobaki kwa Fundi. Nitajuaje mnara ule umepangwa muundo gani wa hodi, bila kwenda kuomba siri za kampuni?

Fundi wa Mnara alijibu:

Marahaba. Hiyo si siri, mdogo wangu. Mnara wenyewe huitangaza hewani muda wote, kwa kuwa simu isiyojua namna ya kupiga hodi haiwezi kuipiga. Kwenye 4G iko ndani ya taarifa ya mfumo namba 2, SIB2, chini ya namba inayoitwa prach-ConfigIndex, na programu za kupimia mtandao zinazosoma taarifa za modemu zitakuonyesha. Kwa mitandao ambayo kupanda na kushuka kumetengewa masafa tofauti, namba kati ya 0 na 15 ni muundo 0, na kati ya 16 na 31 ni muundo 1. Kusikiliza tu si kurusha. Siku utakapotaka kurusha wimbi lako mwenyewe la majaribio, hapo nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwanza.

Ukienda, beba pia mti mrefu wa kutosha kuifunga simu juu, ili ujue ni nguvu iliyokosekana au ni muda. Kama ni nguvu, ujumbe utaondoka simu ikipanda. Kama ni muda, vijiti vitaongezeka na ujumbe utabaki pale pale.

MwanaNansio alijibu, baada ya wiki tatu:

Wakubwa zangu, nimerudi na majibu. Namba niliyoisoma kutoka kwenye mnara ule ni 3. Tulitoka mwaloni jioni, na nikawa natuma ujumbe mmoja kila kilomita. Hadi kilomita 14 zote ziliondoka. Kilomita 15 mmoja uliondoka baada ya kujaribu mara nne, na kuanzia kilomita 16 hakuna hata mmoja, ingawa vijiti vilibaki viwili. Pale kilomita 17 niliifunga simu kwenye mti tuliouazima kwa jirani, tukausimamisha, na ndani ya dakika moja vijiti vikawa vinne. Ujumbe haukuondoka. Niliishusha, nikaiamuru ibaki kwenye 2G, nikampigia mama aliyeko Nansio, akapokea mara ya kwanza.

Baba mdogo alikuwa amelala kwenye mbao akiutazama ule mti unavyoyumba. Aliniuliza kama kampuni ya simu nayo ingehitaji kusimamisha mti. Nikamwambia hapana, wao wanatakiwa kubadili namba moja. Ameniomba niiandike hiyo namba kwenye karatasi, atampelekea wakala wa Nansio anayemuuzia vocha.